Mawimbi ya sauti na ugonjwa wa Alzheimer: Yanachoweza na yasichoweza kumfanyia mzee wa Bukene

Na Mwandishi Wetu

KWA mama mjamzito wa Bukene, wilayani Nzega, mkoa wa Tabora, neno altrasaundi si geni. Mama hulala kitandani, mtaalamu akampaka ute wa baridi tumboni na kupitisha kifaa kidogo kinachotosha kiganjani, na muda si mrefu picha ya mtoto ikaonekana kwenye kioo cha mashine. Kinachofanya kazi hapo ni mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Huingia mwilini, hugonga na kurudi, na mashine hugeuza mwangwi huo kuwa picha.

Mawimbi ya jamii hiyo hiyo, yakiwa yamekusanywa na kuelekezwa mahali pamoja, yanajaribiwa katika nchi kama Marekani, Kanada, Australia na Korea Kusini ili kuona kama yanaweza kusaidia kutibu ugonjwa wa Alzheimer, ambao huwapokonya wazee kumbukumbu, lugha na hatimaye uwezo wa kujitegemea. Habari za majaribio hayo zimekuwa zikisambaa kwa kasi, nyingine zikiwa na vichwa vinavyodai kwamba kumbukumbu zilizopotea sasa zinaweza kurudishwa. Makala haya yanaeleza mawimbi hayo yanafanya nini hasa ndani ya kichwa, yamethibitishwa kufanya nini, na kwa nini katika eneo kama Bukene lipo jambo jingine la haraka zaidi, ambalo likicheleweshwa huweza kugharimu uhai wa mtu.

Ukuta unaolinda ubongo

Ugonjwa huu umepewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza mbele ya madaktari wenzake hali ya mwanamke aliyekuwa amemhudumia mjini Frankfurt. Baada ya kifo cha mwanamke huyo, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabonge ya uchafu kati ya chembe na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Mabonge hayo sasa yanafahamika kuwa ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau.

Alzheimer ndiyo chanzo kikubwa cha demensia, yaani hali ya akili kudhoofika kiasi cha kumzuia mtu kuendesha maisha yake ya kila siku. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linaeleza kuwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wa demensia huenda wana Alzheimer.

Dawa za kupambana na amiloidi zipo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kikamilifu lecanemab mwezi Julai 2023 na donanemab mwaka uliofuata. Ni kingamwili zinazotengenezwa maabara, zinazoingizwa mwilini kwa dripu, zikaenda kushika amiloidi na kuiondoa. Hata hivyo hazimponyi mgonjwa. Katika jaribio kubwa la lecanemab, wagonjwa waliopewa dawa walizidi kudhoofika, ila kwa kasi iliyokuwa pungufu kwa asilimia 27 ikilinganishwa na wenzao, katika muda wa miezi 18.

Sehemu mojawapo ya tatizo ni namna dawa inavyofika ubongoni. Mishipa midogo ya damu ya ubongo haikuumbwa kama ya viungo vingine. Chembe zinazojenga kuta zake zimebanana mno, na kazi yake ni kama ya bawabu mkali: sukari na hewa ya oksijeni hupita, vijidudu na sumu nyingi huzuiwa. Bahati mbaya bawabu huyo hatofautishi sumu na dawa. Kingamwili, ambazo ni molekyuli kubwa, huzuiwa karibu zote, na kiasi kinachofika ndani ni chini ya asilimia moja ya kile kilichoko kwenye damu. Daktari analazimika kutoa dozi kubwa, nayo dozi kubwa huweza kuleta uvimbe na kuvuja kwa damu kidogo kidogo ndani ya ubongo.

Mawimbi yanavyofungua mlango

Mtoto anayecheza na lenzi juani hukusanya miale yote mahali pamoja hadi karatasi ikashika moto, ilhali mwale mmoja peke yake haukuweza hata kuipasha joto. Mawimbi ya sauti nayo hukusanywa hivyo. Mgonjwa hunyolewa nywele, kichwa chake hushikizwa kwenye fremu, kisha huvalishwa kofia kubwa yenye vifaa vidogo 1,024 vya kutoa mawimbi, na baina ya kofia na ngozi hupitishwa maji baridi. Yote haya hufanyika akiwa ndani ya mashine ya MRI, ili daktari aone kwa usahihi ni sehemu gani ya ubongo inayolengwa. Kila wimbi likiwa peke yake hupita kwenye fuvu bila kudhuru. Yanapokutana ndipo nguvu hupatikana.

Nguvu hiyo ikiwa kubwa huunguza. Ndiyo njia ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2016 kwa wagonjwa wa kutetemeka mikono, ambapo sehemu ndogo sana ya ubongo inayosababisha mtetemeko huunguzwa bila fuvu kupasuliwa. Kwa Alzheimer nguvu hupunguzwa sana, na mgonjwa huchomwa sindano ya vijipovu vya gesi vidogo kuliko chembe nyekundu za damu, vya aina ambayo madaktari wa moyo wamekuwa wakivitumia kwa miaka mingi ili picha zao zionekane vizuri. Vijipovu vinapofika penye mawimbi huanza kutanuka na kusinyaa. Mchezo huo husukuma kuta za mishipa, na chembe zilizobanana hulegea na kuacha nafasi. Ndani ya takriban saa 24 nafasi hizo hujifunga zenyewe.

Mtaalamu Kullervo Hynynen na wenzake walionyesha jambo hilo kwa sungura mwaka 2001. Mwaka 2015, Gerhard Leinenga na Jürgen Götz wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza kuwa mawimbi na vijipovu peke yake, bila dawa yoyote, viliondoa mabonge ya amiloidi kwa robo tatu ya panya waliotibiwa, na panya hao wakafanya vizuri zaidi katika mitihani ya kumbukumbu. Inaonekana kufunguka kwa mishipa kuliziamsha chembe za usafi za ubongo, zikaanza kuula uchafu ule.

Vichwa vingi vya habari vinavyozungumzia kurudisha kumbukumbu asili yake ni panya hao. Kwa binadamu mambo yamekwenda polepole.

Mwaka 2018, madaktari wa Hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto, Kanada, wakiongozwa na Nir Lipsman, walitoa matokeo ya wagonjwa watano wa Alzheimer. Ukuta wa ubongo ulifunguka, ukafunga siku iliyofuata, na hakuna aliyepata madhara makubwa. Lakini kiasi cha amiloidi hakikubadilika kwa maana, wala kumbukumbu zao hazikubadilika. Mwaka 2020, timu ya Ali Rezai wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, ilifanya hivyo kwa wagonjwa sita, safari hii ikilenga hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo ambamo kumbukumbu mpya hutengenezwa na ambayo Alzheimer huishambulia mapema.

Hatua iliyovuta macho ya wengi ilikuja Januari 2024, pale timu hiyo hiyo ya Rezai ilipochanganya mawimbi na dawa. Wagonjwa watatu walipewa dawa ya aducanumab kila mwezi kwa miezi sita, na baada ya kila dripu upande mmoja wa ubongo ulifunguliwa kwa mawimbi huku upande wa pili ukiachwa ulivyo. Kila mgonjwa, kwa namna hiyo, alikuwa kipimo cha nafsi yake. Upande uliofunguliwa ulipungukiwa amiloidi kwa wastani wa asilimia 32 zaidi ya upande mwingine. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini ni wagonjwa watatu tu, na kilichopimwa hasa ni uchafu kupungua, si mama kukumbuka majina ya wanawe. Zaidi ya hayo, katika mwezi huo huo kampuni iliyokuwa ikitengeneza aducanumab ilitangaza kuacha kuiuza.

Ipo pia njia nyingine inayotumia mapigo mafupi ya mawimbi bila vijipovu na bila kufungua ukuta wowote, lengo likiwa kuziamsha chembe za ubongo zilizozubaa. Kifaa chake kilipata kibali cha Ulaya mwaka 2018. Mwaka 2020, Roland Beisteiner na wenzake wa Vienna, Austria, walieleza kuwa wagonjwa 35 waliotibiwa hivyo walipata alama bora zaidi katika mitihani ya kumbukumbu kwa muda wa hadi miezi mitatu. Kasoro yake ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha, na mgonjwa anayejua kuwa anatibiwa kwa mashine ya kisasa huweza kufanya vizuri kwa sababu ya matumaini tu. Kundi hilo lilipofanya jaribio lenye tiba ya uongo kwa wagonjwa 60 na kutoa matokeo mwaka 2025, tofauti ya maana ilionekana kwa wagonjwa wenye umri mdogo zaidi, si kwa kundi zima.

Kwa kifupi, mawimbi yameonyesha kwamba mlango wa ubongo unaweza kufunguliwa na kufungwa kwa usalama. Kama mgonjwa anafaidika kwa mlango huo kufunguliwa, hilo bado linajaribiwa. Msomaji atakayetangaziwa leo, mahali popote, kwamba ipo tiba ya mawimbi inayorudisha kumbukumbu, ana kila sababu ya kushika pochi yake vizuri.

Kutoka Toronto hadi Bukene

Bukene ni mji mdogo wa reli, kaskazini mwa Tabora, kwenye njia ya treni iendayo Mwanza ambayo ilikamilika mwaka 1928. Kabla ya reli, upande huu wa Unyamwezi ulikuwa nchi ya misafara. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alitoka Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, akaelekea kaskazini hadi kuliona ziwa. Wanyamwezi na Wasukuma wa maeneo haya ni wakulima na wafugaji, na wazee wengi huishi vijijini, mara nyingi wakilea wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda mjini kutafuta maisha.

Kuhamishia hapa tiba ya Toronto ni hesabu isiyohitaji mtaalamu. Inahitaji mashine ya MRI, ambayo nchini hupatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Benjamin Mkapa ya Dodoma. Inahitaji kofia yenyewe na timu ya wataalamu. Inahitaji dawa, na lecanemab ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilikuwa Dola 26,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Juu ya yote inahitaji mgonjwa ambaye ugonjwa wake umetambuliwa mapema, wakati angali anajitambua, kwa kuwa dawa hizi hazikukusudiwa kwa aliyefika mbali.

Hapo kwenye kutambuliwa ndipo penye pengo kubwa kuliko yote, na bahati nzuri ndipo Tanzania yenyewe ina la kusema.

Kati ya utafiti muhimu wa demensia uliofanyika Afrika ni ule wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulioendeshwa na wataalamu wa Uingereza kwa kushirikiana na Hospitali ya KCMC na kuchapishwa mwaka 2013. Wazee wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita walipimwa, na ikakadiriwa kuwa asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na Alzheimer. Takriban wanne kati ya kumi walikuwa na demensia itokanayo na mishipa ya damu, ile inayotanguliwa na shinikizo la juu la damu na kiharusi, ambayo dawa za amiloidi na mawimbi yake haziihusu kabisa.

Kikwazo cha watafiti kilikuwa kwamba vipimo vya Ulaya humtaka mzee aandike sentensi, achore saa, au ataje tarehe. Bibi ambaye hakusoma atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Kwa hiyo waliandaa kipimo kiitwacho IDEA, chenye maswali sita tu. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji ni nani. Anaulizwa daraja ni kitu gani. Anatakiwa ataje wanyama wengi awezavyo katika dakika moja. Anasomewa maneno kumi na baadaye kuombwa ayakumbuke. Mwisho anawekewa njiti nne za kiberiti zilizopangwa kwa umbo fulani, naye anatakiwa kupanga zake vivyo hivyo. Mhudumu wa afya asiye daktari anaweza kufundishwa kukitumia.

Usiku, yowe na sungusungu

Watafiti wa Hai walipozungumza na wanajamii, waligundua kuwa wengi huona kusahau ni sehemu ya kawaida ya uzee, na kwa hiyo hakuna anayempeleka mzee hospitali kwa ajili hiyo. Katika ukanda wa Tabora, Shinyanga na Mwanza, imani nyingine imewahi kuwa na matokeo mabaya zaidi.

Hebu zitazame dalili za demensia kwa macho ya jirani. Mgonjwa huchanganya usiku na mchana, akatoka nje saa nane za usiku na kuzurura. Huweza kuvua nguo asijue kwamba amevua. Huzungumza na mama yake aliyekufa miaka arobaini iliyopita kana kwamba amesimama mbele yake. Akipoteza pesa alizozificha mwenyewe, humtuhumu jirani kuwa ameiba, na anapokasirika hutoa maneno ya kutisha ambayo kesho hayakumbuki. Mtaalamu wa akili akisikia maelezo hayo ataandika jina la ugonjwa. Katika kijiji ambacho mtoto amefariki wiki hiyo na mganga amekwisha piga ramli, maelezo hayo hayo humfanya bibi aitwe mchawi. Macho mekundu, ambayo kwa mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi maisha yake yote husababishwa na moshi, huongezwa kama ushahidi.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kiliripoti kuwa watu 765 waliuawa nchini mwaka 2013 kutokana na imani za kishirikina, 505 kati yao wakiwa wanawake. Mwezi Julai 2017 wanawake watano waliuawa na miili yao kuchomwa moto katika kijiji cha Undomo, kata ya Uchama, katika wilaya hiyo hiyo ya Nzega, wakituhumiwa uchawi, na sungusungu wakahusishwa na mauaji hayo. Mwandishi wa makala haya hadai kuwa wanawake wa Undomo walikuwa wagonjwa. Wanawake wenye akili timamu wameuawa pia, wengine kwa sababu ya shamba au urithi. Hoja ni kwamba mgonjwa wa demensia, tofauti na jirani yake mzima, hawezi kujitetea. Akiulizwa alikuwa wapi usiku, hajui. Akiambiwa alikuwa makaburini, huenda akakubali.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo bado iko katika vitabu vya sheria, inafanya kumtuhumu mtu uchawi nje ya taratibu za mamlaka kuwa kosa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo ilitaja mauaji ya vikongwe. Lakini sheria husubiri kosa litendeke. Mhudumu wa afya anayeweza kuwaambia wanafamilia na mwenyekiti wa kitongoji kwamba bibi huyu anaumwa ubongo, jina la ugonjwa ni hili na hauambukizi, anafika kabla ya yowe kupigwa.

Yanayoweza kufanyika sasa

Si kila mzee anayechanganyikiwa ana Alzheimer, na hili familia nyingi hazilifahamu. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na kuanza kuweweseka Alhamisi huenda ana malaria, homa ya mapafu au maambukizi ya njia ya mkojo, na akitibiwa akili yake hurudi. Sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende ya siku nyingi, virusi vya Ukimwi na damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka, vyote huweza kujifanya demensia. Ndiyo maana safari ya kwanza iwe kituo cha afya, na anayempeleka mzee aeleze dalili zilianza lini na kama zilikuja ghafla au kidogo kidogo.

Kinga nayo ipo. Jopo la wataalamu wa jarida la The Lancet lilikadiria mwaka 2024 kuwa takriban asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, usikivu hafifu, kutoona vizuri, upweke na kukosa elimu utotoni. Kumpima presha mtu wa miaka 45 ni kazi ya dakika chache, na vidonge vyake si vya bei ya Toronto.

Kwa aliyekwisha kuugua, Hai ina matokeo mengine yanayostahili kujulikana Tabora. Wazee 34 wenye demensia walikusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 katika wiki saba, wakaongozwa katika mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono zilizochaguliwa kulingana na mazingira ya vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri uliongezeka, na tabia zinazowasumbua walezi zikapungua. Hapakuwa na mashine wala dripu. Kilichohitajika ni chumba, viti, mtu aliyepewa mafunzo, na ndugu wa kumsindikiza mzee kwenda na kurudi.